Bundi Ndani ya Dohani

Juni imefika, na huku nyanda za juu baridi imeshaanza kuuma. Lushoto, Njombe, Mufindi, na ng'ambo ya mpaka kule Limuru, Molo na Nanyuki, wenye nyumba za meko ya ukutani wanakusanya kuni kwa ajili ya moto wa kwanza tangu mwaka jana. Meko hayo yamelala miezi mingi. Dohani iliyolala muda wote huo, mdomo wake ukiwa wazi juu ya paa, huenda imeshapata mgeni. Leo nataka tuzungumze juu ya mgeni huyo: namna ya kumtoa akiwa hai, na nyinyi mkabaki salama.

Dalili ya kwanza ni sauti. Jioni mmekaa sebuleni, mnasikia kitu kinakwaruza ndani ya ukuta. Kinanyamaza. Masizi yanadondoka juu ya majivu ya zamani. Halafu unatoka mlio mrefu, mkavu, kama shuka inayochanwa taratibu, na watoto wanakimbilia kwa mama yao. Katika nyumba zetu za milimani, mlio wa namna hiyo kwa kawaida ni wa bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo na macho meusi, ambaye wataalamu humwita Tyto alba. Huyu halii "hu, hu" kama bundi wengine. Yeye hutoa sauti ya kukwaruza, na akiwa na hofu hutoa pumzi kwa nguvu na kugonganisha mdomo.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mtu wa kwanza kusimama husema: washeni moto, moshi utamfukuza.

Naomba mnisikilize vizuri katika jambo hili kuliko yote nitakayoyasema leo. Mabawa ya bundi huyu yakikunjuliwa hufika sentimita 80 mpaka 95 kutoka ncha hadi ncha. Njia ya moshi ya nyumba ya kawaida ina upana wa shubiri moja, au moja na nusu. Ndege hawezi kupaa mahali ambapo hawezi kukunjua mabawa. Atajaribu kupanda kwa kucha, lakini masizi yanateleza, na kila akipanda kidogo anarudi chini. Kwa hiyo moshi ukipanda haumfukuzi, kwa sababu hana pa kwenda. Unamkuta pale pale alipo, unamziba pumzi, kisha joto linammaliza. Kama kuna kiota na makinda, nao wanakufa.

Na hatari haiishii kwake. Dohani iliyozibwa na ndege, vijiti au mzoga hairuhusu moshi kutoka. Unarudi ndani pamoja na gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Familia inaweza kuwasha moto ili kumfukuza ndege, ikaenda kulala, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Ukisikia kitu ndani ya dohani, moto ni marufuku mpaka njia iwe nyeupe.

Marufuku nyingine ni mti mrefu. Wapo wanaochukua ufito mrefu, au bomba la maji, wakachokoa kutoka chini au kusukuma kutoka juu. Mifupa ya bawa la ndege ina uwazi ndani, ni myepesi, na bawa likivunjika ndege wa porini ndio basi, kwani bundi anayewinda kwa kuruka hawezi kuishi kwa miguu. Maji nayo msimwage. Manyoya ya bundi huyu ni laini sana, ndiyo sababu anaruka bila kusikika, na yakilowa hawezi kuruka mpaka yakauke.

Sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu katika nyumba moja ya zamani huko Lushoto, kwa sababu niliona kazi hii ikifanywa vizuri, na aliyeifanya alikuwa mama mtu mzima asiye na mafunzo yoyote ya wanyamapori. Alichokuwa nacho ni utulivu.

Bundi alikuwa ameanguka tangu usiku. Ndani ya dohani, juu kidogo ya meko, kuna kibati cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya moshi, na yeye alikuwa amesimama juu ya kibati hicho. Kijana wa nyumba alishaleta kiberiti. "Mama, tuwashe karatasi kidogo tu, atatoka mwenyewe." Mama akamnyang'anya kile kiberiti. "Hapana, mwanangu. Niletee shuka kubwa, kisha mpeleke paka jikoni umfungie."

Wakasubiri mpaka jua linazama. Mama akafunga milango yote ya sebule, akavuta mapazia, akaacha dirisha moja tu, lile kubwa linaloelekea bustanini, na hilo akalifungua lote pamoja na wavu wake wa mbu. Taa zikazimwa. Akatandaza shuka mbele ya mdomo wa meko ili ndege asitoke kwa kishindo akajigonga ukutani, akapitisha mkono wenye glavu nene ya bustani, akakifungua kibati polepole. Ilisikika purukushani, wingu la masizi likashuka, kisha kimya. Akaitoa shuka taratibu, akatoka kinyumenyume, akafunga mlango. Sote tukabaki ukumbini, nami nikachungulia kwenye upenyo wa mlango.

Yule ndege alikuwa amekaa ndani ya majivu, mweusi tupu, isipokuwa macho yaliyokuwa yaking'aa. Aliinamisha kichwa akawa anakiyumbisha kushoto na kulia, mabawa ameyatanua nusu. Ndiyo namna yao ya kumtisha adui. Hakukuwa na mtu wa kumtisha. Baada ya muda akaacha, akajikung'uta, akarukia mgongo wa kiti, kutoka kiti akaenda mezani. Kwenye kile kitambaa cheupe cha meza aliacha alama nne za kucha, zimepangana mbili mbili. Halafu akaliona dirisha. Hatukusikia hata upepo wa bawa. Alikuwepo, kisha hakuwepo.

Kanuni iliyofanya kazi pale ni nyepesi: chumba kiwe giza, na pawe na mahali pamoja tu pa kutokea, penye mwanga zaidi kidogo kuliko ndani. Ndege aliyechanganyikiwa huifuata nafasi iliyo wazi. Mkiwasha taa, mkapiga kelele na kukimbizana naye, anaona kuta zinazosogea na vioo vinavyong'aa, naye hujibamiza kwenye kioo mpaka shingo inaumia. Jioni ni bora kuliko mchana kwa sababu bundi akitoka mchana kunguru humvamia kundi zima, na huyu tayari amechoka.

Akikataa kuruka, au akionekana kulegea, mkamateni kwa taulo nene au blanketi dogo. Mtu mmoja tu, mwenye glavu za ngozi na nguo ya mikono mirefu. Mfunike kuanzia kichwani, maana giza linamtuliza, kisha ushike mabawa yakiwa yamekunjwa mwilini na uidhibiti miguu. Watu wengi huogopa mdomo wa bundi. Silaha yake hasa ni miguu. Kucha zile zimeumbwa kumtoboa panya na kumshikilia, na zikiingia kwenye kiganja hazifunguki kirahisi. Mweke kwenye boksi la katoni lililotobolewa matundu ya hewa, chini tandika taulo kuukuu, funika, uliweke mahali pa kimya pasipo mbwa, paka wala watoto. Usimpe maziwa. Usimmiminie maji mdomoni, yatamwingia kwenye njia ya hewa. Usimwoshe masizi. Mkiona bawa moja limening'inia, jicho limefumba au damu inatoka, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo au watu wa wanyamapori. Kama mzima, giza linapoingia peleka boksi nje karibu na pale alipotoka, lifungue, ukae mbali. Mahali pale pale, jamani. Msimbebe kwa gari mkamwachie msitu usio wake. Mwenzake na makinda yake wanaweza kuwa palepale kwenu.

Nimesema makinda, na hapa panahitaji subira zaidi. Bundi mweupe hajengi kiota cha vijiti. Hutaga mayai yake, manne, matano au zaidi, chini patupu ndani ya shimo la mti, dari, kisima kikavu, au kwenye ukingo wa ndani wa dohani pana. Huku kwetu anaweza kutaga karibu mwezi wowote, mradi panya wawepo wa kutosha. Mayai hulaliwa kiasi cha mwezi mmoja, na makinda huchukua kama miezi miwili kabla ya kuruka. Mkimulika kwa tochi mkaona makinda wenye manyoya meupe kama pamba, ushauri wangu ni kuliacha hilo meko msimu huu kama mna njia nyingine ya kujipasha joto. Kama hamna, waiteni wahusika wawahamishe. Kumtoa mama na kuwaacha watoto ukutani ni kuwahukumu kufa kwa njaa, na nyumba yenu itanuka wiki nzima.

Najua wako wasikilizaji ambao mpaka hapa wananisikiliza kwa shingo upande, kwa sababu mnyama ninayemtetea ni bundi. Tumelelewa na wazee wetu tukiambiwa ni ndege wa uchuro: akilia juu ya paa, kuna msiba, akiingia ndani, kuna mtu kamtuma. Hofu ya namna hiyo siwezi kuicheka, maana iko ndani ya nyumba za watu ninaowaheshimu. Lakini nataka tuitazame. Bundi hulia usiku kwa sababu usiku ndio mchana wake. Hukaa juu ya paa la mgonjwa kama anavyokaa juu ya paa la mzima, kwa vile panya wapo kote kuwili. Zamani, na hata sasa, mgonjwa aliyezidiwa alikeshewa na watu, taa zikawaka, nao walio macho ndio waliomsikia ndege. Wale waliolala fofofo katika nyumba ya jirani, ambako bundi yule yule alilia na hakufa mtu, hawakuwa na la kusimulia. Aliyenaswa ndani ya dohani yenu hakutumwa. Alikuwa anatafuta shimo la kutagia, au alisogea ukingoni kuchungulia, akateleza.

Na watu wa Lushoto mna sababu ya pekee ya kumtazama ndege huyu kwa jicho jingine. Mnakumbuka tauni. Ilizuka katika milima ya Usambara mwaka 1980, ikawa inarudi na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini, ikaua watu vijijini. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya shamba, yule wa kahawia anayemaliza mahindi tangu mbegu ikiwa ardhini, jike wake huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mzao mmoja, na tatizo lake ni kubwa kiasi kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kimekuwa kikiwatafiti panya kwa miaka mingi. Bundi mweupe chakula chake kikuu ni hao hao. Humeza panya mzima mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Ukiokota donge moja chini ya mti anapolala ukalifungua kwa kijiti, utakuta mafuvu madogo na meno ya manjano, ushahidi wa kazi ya usiku mmoja. Jozi moja yenye makinda huwinda usiku kucha. Sijui mtego wala dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo bila malipo na bila sumu.

Kuhusu sumu, neno moja tu: panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea akiyumba, hukamatwa upesi, na bundi anayemla hulishwa sumu hiyo. Baadhi ya ndege wanaokutwa wamelegea mekoni hawakuumizwa na dohani.

Wapo pia wageni wenye miguu minne. Komba hushuka, hasa nyumba ikizungukwa na miti. Kanu naye huingia. Hawa ni wapandaji, na mara nyingi wanachokosa ni mahali pa kushika. Fundi akipanda juu, akafunga kamba nene ya katani kwenye kitu imara, akaishusha mpaka chini, kisha watu wakaondoka, mnyama hupanda usiku akaenda zake. Lakini hawa msiwaguse kwa mkono kabisa, hata mtoto wao mwenye macho ya huruma. Mamalia yeyote anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Aking'ata au kukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, hakuna tiba.

Na ndugu zetu mnaotusikiliza kwa mtandao kutoka Marekani na Kanada, dohani zenu zina wenyeji wengine. Mkubwa ni rakuni, mwenye barakoa nyeusi usoni. Jike huingia majira ya kuchipua akazaa juu kidogo ya kile kibati nilichokisema. Yeye hakunaswa, anapanda na kushuka atakavyo. Asitolewe kwa moshi, maana watoto hawawezi kupanda. Njia moja inayotumika huko ni kuweka redio inayoongea ndani ya meko, kibati kikiwa kimefungwa, mchana na usiku. Mama akiona kelele za watu haziishi, hubeba watoto kwa mdomo, mmoja mmoja, kuwapeleka kwingine. Kama mnasikia milio ya vifaranga wengi wakati wa kiangazi, huenda ni barawai wa dohani, ndege wanaosafiri kutoka Amerika ya Kusini kila mwaka na kubandika kiota ukutani kwa mate yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wahamaji inawahusu. Kiota chenye mayai au vifaranga hakitolewi. Vumilieni wiki chache, wataondoka.

Huku kwetu nako kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya ina yake ya mwaka 2013. Kumfuga mnyama wa porini nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama umemwokoa wewe. Kwa Kenya piga simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwa Tanzania tafuta ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, au afisa wanyamapori wa wilaya, na kama hujui ilipo, ofisi ya kata itakuelekeza. Wapigieni mapema, mchana, mkiwa na maelezo: mnyama gani, yuko wapi ndani ya dohani, tangu lini, ameumia au la. Wakichelewa, msikate tamaa mkarudia kiberiti. Bundi mzima mwenye afya anaweza kuvumilia siku moja, hata mbili, bila chakula, mradi aachwe kimya.

Yote haya, hata hivyo, yasingehitajika kama mdomo wa dohani ungefunikwa. Kofia ya bati yenye miguu minne, na pembeni wavu wa waya wenye matundu ya kutosha moshi kupita, ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi bati yeyote wa mjini kwenu. Wavu uwe wa chuma imara. Waya mwembamba wa banda la kuku huliwa na kutu upesi kwa ule moshi. Kabla hajaufunga, mwambie amulike ndani kwanza ahakikishe hamfungii mnyama mle ndani, kisha asafishe masizi. Na mkiwa mmeifunga nafasi ile, mpeni bundi nyingine: sanduku la mbao lenye tundu upande mmoja, litundikwe juu kwenye mti au ukuta wa ghala, mbali na taa. Wakulima wa Israeli na Jordan wameshirikiana kwa miaka mingi kuweka masanduku ya namna hiyo mashambani ili bundi wawapunguzie panya, na Malaysia wanafanya hivyo kwenye mashamba ya michikichi. Mbao za kufanyia kazi hiyo Njombe na Mufindi hazikosekani.

Basi, baba, mama, na nyinyi vijana mnaopewa kazi ya kupasua kuni: kabla ya moto wa kwanza wa mwaka huu, chukueni tochi, fungueni kibati, mlaze kichwa ndani ya meko mtazame juu. Mkiona mwanga wa anga, washeni. Mkiona kitu kinawatazama, zimeni taa, mfungieni paka, fungueni dirisha, mwacheni atoke.